Picha imetoka, HD haijatoka: kisa cha laptopu, TV na video ya harusi

Mteja ni mama wa makamo wa Temeke aliyeozesha binti yake. Mpiga video alimkabidhi kazi yote kwenye flashi ya GB 64: faili moja kubwa la siku ya harusi, jingine la sendofu, na vipande vilivyopigwa kwa droni. Wakwe walikuwa wamealikwa Jumapili waje watazame pamoja. TV ipo, ya inchi 43, Full HD. Laptopu ipo, HP EliteBook 840 G1 ambayo kijana wa nyumba aliinunua mtumba. Kwa maelezo ya simu, kilichokosekana ni "waya mzuri", maana uliopo "unatoa picha ya ukungu, na sauti haitoki kabisa".

Kauli hiyo kila fundi wa mtaani anaijua, na mara nyingi waya umesingiziwa tu. Kisa hiki nimekiandika kwa kirefu kwa sababu sebule ile moja ilikuwa na karibu kila kitu kinachoweza kuiharibu HD njiani kati ya laptopu na TV. Shida zilisimama foleni: ukiondoa ya mbele, ya nyuma inasogea, picha inabaki mbaya vilevile, na mtu anarudi dukani kununua waya mwingine.

Kwanza swali ambalo kila mtu huuliza: si wangechomeka flashi kwenye TV yenyewe? Walichomeka. TV ikasema haiitambui. Sababu ni kwamba faili la harusi lilizidi GB 4, na mfumo wa FAT32, unaosomeka karibu kila mahali, haubebi faili moja la ukubwa huo. Mpiga video akafomati flashi kwa exFAT, na TV nyingi za miaka ya nyuma hazijui exFAT ni nini. Ningeweza kuhamishia kila kitu kwenye flashi ya NTFS, mfumo mwingine unaobeba faili kubwa, na kubahatisha. Lakini kijana alitaka laptopu iungane na TV kwa mambo yake mengine pia, na mama alishalipia vifaa. Tukabaki na laptopu.

Nilichokikuta sebuleni

"Karibu fundi. Ila usije ukaniambia ninunue TV nyingine," mama aliniambia hata kabla sijamaliza kuitikiwa shikamoo.

Nyuma ya TV kulikuwa na kiboksi cheusi, konvata ya kutoka VGA, tundu la picha la kompyuta za zamani, kwenda HDMI, tundu la kidijitali la TV. Upande mmoja una zile pini 15 na skrubu mbili za kukazia, upande wa pili tundu la HDMI, na ubavuni mkia mfupi wa USB wa kuvutia umeme kutoka kwenye laptopu. Kulikuwa pia na kitundu cha pini ya sauti ya milimita 3.5. Waya wake wa sauti ulikuwa bado ndani ya pakiti, haujafunguliwa.

Kwenye TV, maandishi ya Windows yalikuwa na kivuli upande wa kulia wa kila herufi. Ikoni zilionekana kama zimefutwa kwa kitambaa chenye maji. Video ya harusi ilicheza, sauti ikatoka kwenye spika ndogo za laptopu.

Sikugusa waya wowote. Niliomba rimoti na kubonyeza kitufe cha Info. TV karibu zote zinacho, au zinaonyesha habari hiyo juu ya skrini unapobadilisha chanzo cha picha. Pembeni pakatokea: 1360 x 768, 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde.

Hapo ndipo kisa kinapoanzia, na ningependa msomaji asimame hapo kidogo. Watu hupima HD kwa jicho, na jicho linadanganywa na mwanga, na umbali wa kiti, na TV inayoongeza rangi ili ipendeze dukani. Info haipendezeshi chochote. Inasema TV inapokea nini. Full HD ni pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. TV hii ilikuwa inapokea 1360 kwa 768, ambazo ni 1,044,480. Nusu ya pikseli zilikuwa hazifiki, TV inazibuni kwa kutanua zile zilizopo. Na kwa kuwa 768 haiingii ndani ya 1080 mara kamili, pikseli moja inalazimika kugawanywa juu ya pikseli jirani. Ndiyo maana herufi zinakuwa na ukungu hata kama kila kifaa ni kizima.

VGA haikuwa na mpango na TV yako

Kijana alijitetea kwamba muuzaji ndiye aliyempa konvata baada ya kuona laptopu haina tundu la HDMI. Ni kweli haina. EliteBook 840 G1 ni mashine ya ofisini iliyoingia sokoni 2013, na ofisini kulikuwa na projekta za VGA na skrini za DisplayPort, tundu la kidijitali la skrini za kompyuta, kwa hiyo ikapewa matundu hayo mawili. Sasa zimejaa kwenye maduka ya mitumba Dar, Nairobi na Kampala, na kila anayeinunua ili atazamie sinema hugundua jambo hilo akiwa ameshafika nyumbani.

VGA ilitolewa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta za PS/2, wakati picha ya 640 kwa 480 ilikuwa jambo la kujivunia. Inapeleka nyekundu, kijani na bluu kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka kwenye nyaya tatu. Haina pini ya sauti hata moja, kwa hiyo hakuna mpangilio wowote wa Windows utakaopitisha sauti humo. Ndiyo maana konvata ina kile kitundu cha milimita 3.5, kinachopaswa kuunganishwa na tundu la hedifoni la laptopu. Kuhusu picha, laptopu inazigeuza pikseli zake kuwa mawimbi, kisha konvata inayapima mawimbi hayo na kuyarudisha kuwa pikseli. Hakuna anayeiambia konvata pikseli moja inaanzia wapi na kuishia wapi. Inakisia. Ikikosea kidogo, unapata kile kivuli upande wa kulia wa herufi.

Konvata hizi zina kazi yake. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye VGA peke yake haina njia nyingine rahisi. Lakini laptopu hii ilikuwa na tundu la DisplayPort umbali wa vidole viwili tu, limejaa vumbi, halijawahi kuguswa.

Nikamtuma kijana Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na maelekezo mawili. La kwanza, asiseme "adapta ya HDMI", aseme "DisplayPort ya kiume kwenda HDMI ya kike, ishara inatoka kwenye laptopu". Adapta hizi zina mwelekeo mmoja. Ya HDMI kwenda DisplayPort inafanana nayo kwa rangi, kwa ukubwa na kwa kifungashio, na ukiichomeka kinyume haifanyi kazi wala haiungui. Inakaa kimya tu, na wewe unadhani tundu limekufa. Mtego uleule uko kwenye VGA: ya HDMI kwenda VGA na ya VGA kwenda HDMI zinalala kwenye kabati moja la kioo, bei zinakaribiana, na muuzaji mwenye haraka atakupa ya kwanza atakayoishika. La pili, aangalie umbo. DisplayPort imekatwa kona moja tu, HDMI imepunguzwa pande zote mbili za chini. Adapta nyingi za DisplayPort zina vindoano vinavyoshika. Ukitaka kuichomoa unabonyeza kitufe chake kwanza. Nimeona matundu yaliyong'olewa kwa kuvuta kwa nguvu.

Hakuhitaji adapta ya bei kubwa. Matundu ya DisplayPort ya laptopu kama hii huwa na alama ya D na P iliyofuatwa na jumlisha mbili, maana yake tundu lenyewe linaweza kutoa ishara za aina ya HDMI, na kazi ya adapta ni kurekebisha volteji tu. Adapta ya kawaida ya namna hiyo imewekewa kikomo cha kasi ya pikseli cha megahezi 165. Full HD ya 60 Hz inahitaji 148.5. Inapita. Kwa TV ya 4K hesabu ingekuwa nyingine, ila hapa 4K haikuwepo.

Na waya? Ule ule. Waya wa HDMI waliotaka kuutupa ndio niliochomeka kati ya adapta na TV, na ndio uliopo hadi leo. Full HD ya 60 Hz inahitaji kama gigabiti 4.5 kwa sekunde, na toleo la HDMI 1.3 la mwaka 2006 lilishafika gigabiti 10.2. Waya wa mita moja na nusu haushindwi hapo kirahisi. Ukishindwa unajitangaza: vidoti vyeupe vinameremeta juu ya picha, au skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili kisha inarudi. Waya wa kidijitali hauchujui rangi na haufifishi herufi. Anayekuuzia wenye ncha za dhahabu ili rangi ziwe kali anakuuzia dhahabu.

Kabla ya kuchomeka, kijana alitaja kwa kupitapita kwamba laptopu "inatekenya" mkono ikiwa kwenye chaji. Nikaangalia ukutani. Chaja ilikuwa imevuliwa waya wake wa pini tatu na kuvalishwa wa pini mbili, uliochomekwa kwenye soketi yetu ya pini tatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Kila mtu amewahi kufanya hivyo. Tundu la juu ndilo la ethi, na chaja iliyotengenezwa kuitegemea ikikosa ethi, mwili wa laptopu unabaki na volteji inayoelea. Mkondo wake ni mdogo, hauui mtu mwenye afya, lakini ukichomeka HDMI vifaa vyote viwili vikiwa na umeme, mkondo huo unatafuta njia kupitia pini zilezile za picha. Tukarudisha waya wa pini tatu, tukazima vyote, tukaunganisha, tukawasha TV kwanza kisha laptopu.

HD ya kwanza ilikuja na kasoro zake

Picha ikatoka, vivuli vya herufi vikapotea. Mama akafurahi. Mimi nikabonyeza Info. Bado 1360 x 768.

Hii ndiyo sehemu inayowapoteza wengi, maana vifaa sasa ni sahihi, muunganisho ni wa kidijitali mwanzo mpaka mwisho, na HD bado haipo. Laptopu ilikuwa kwenye hali ya "Duplicate", ambapo skrini mbili zinaonyesha kitu kilekile. Skrini ya laptopu hii ni ya 1366 kwa 768. Windows ikiambiwa skrini mbili zifanane, inatafuta kipimo ambacho zote zinakimudu, na anayemudu kidogo ndiye anayeshinda. TV ikashushwa ifanane na laptopu. Zile pikseli sita zilizopungua kutoka 1366 zinatokana na kwamba 1366 haigawanyiki kwa 8, na kadi nyingi za picha zinapendelea namba inayogawanyika, hivyo zinachukua 1360.

Dawa ni vidole viwili: shikilia kitufe cha Windows, bonyeza P, chagua "Second screen only". Skrini ya laptopu inazima, TV inabaki peke yake, na Windows inasoma karatasi ya utambulisho ambayo kila TV huituma kupitia waya ikieleza vipimo inavyovipenda. "Extend" nayo ingefaa, ila kwa familia inayotazama harusi ni usumbufu: dirisha la video linapotea kwenye skrini nyingine na mshale wa mausi haueleweki umeenda wapi.

Info: 1920 x 1080, 60 Hz.

Tahadhari moja kwa wenye laptopu nyingine. Kuna zinazotanua picha zenyewe kabla ya kuituma, kwa hiyo TV inasema 1080 huku desktopu ikiwa ya 768. Kwenye Windows 10, ndani ya mipangilio ya juu ya "Display", zimeandikwa namba mbili: "Desktop resolution" na "Active signal resolution". Zikitofautiana, amini ya kwanza.

Sasa maandishi yakawa makali kweli, lakini kitufe cha Start hakionekani. Kingo zote nne zilikuwa zimekatwa. Upau wa chini ulibaki nusu. Kijana akasema tumeharibu. Hatukuharibu. TV za zamani za kioo kinene hazikuwa na kingo za uhakika, hivyo TV ilitanua picha kidogo ili uchafu wa pembeni usionekane, na tabia hiyo ikarithiwa na TV bapa ambazo hazina shida hiyo hata kidogo. Picha ya 1360 x 768 TV ilijua ni ya kompyuta, ikaiacha. Ya 1920 x 1080 ikaidhania ni matangazo, ikaikata. Kila chapa ina jina lake la kuzima hilo kwenye menyu ya ukubwa wa picha: LG huita "Just Scan", Samsung "Screen Fit", Sony "Full Pixel". TV ya mama haikuwa na hata moja kati ya majina hayo, ila iliruhusu kulipa jina tundu la HDMI. Nikaliita "PC". Kingo zikarudi.

Na suti ya bwana harusi ikageuka kijivu.

Hii naipenda kuliko zote, maana ni kasoro ambayo watu huishi nayo miaka bila kujua kwamba ni kasoro. Picha za TV, kwa desturi, huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Kadi ya Intel ilipoona inaunganishwa na TV kwa kipimo cha TV, ikatuma kwa hesabu ya TV, na mwanzoni ilikuwa sawa. Mimi nilipolibatiza tundu jina la "PC", TV ikaanza kutarajia hesabu ya kompyuta. Nyeusi ya 16 ikaja, TV ikaisoma kuwa kijivu kizito. Suti ikafifia, usiku wa nje ya ukumbi ukawa kama umemwagiwa maziwa.

Ingekuwa kinyume chake, yaani kompyuta inatuma 0 hadi 255 na TV inatarajia 16 hadi 235, suti ingekuwa doa moja jeusi lisilo na kola wala mfuko, na gauni la bibi harusi lingekuwa jeupe tupu, kazi yote ya lesi imemezwa. Gauni ni kipimo kizuri kuliko picha yoyote ya majaribio. Kama unaona nyuzi za lesi kifuani na wakati huohuo unaona mkunjo wa suti begani, hesabu zinakubaliana.

Kwenye paneli ya Intel, sehemu ya "Display", kuna kipengele kinaitwa "Quantization Range". Nikakiweka "Full". Mama akasogea karibu na TV, akaonyesha kwa kidole: "Hii lesi nilikwenda kuichagua mwenyewe." Nikaridhika.

Sauti, sabufa na midomo

DisplayPort inabeba sauti, na adapta inaipitisha. Lakini Windows haikuhama yenyewe. Sauti iliendelea kutoka kwenye laptopu. Unabofya alama ya spika chini kulia, unafungua orodha, unachagua jina la TV. Jina hilo halitokei kama TV imezimwa au iko kwenye chanzo kingine, kwa hiyo usitafute draiva kabla hujahakikisha hilo.

Kwa nyumba hii haikutosha, kwa sababu hakuna anayesikiliza taarabu ya harusi kwa spika za TV. Kulikuwa na sabufa kubwa, na kijana akaiunganisha na tundu la hedifoni la laptopu. Ilipiga vizuri, ila MC alikuwa anasikika kabla mdomo haujafunguka. TV inachukua muda kuchakata picha, kulainisha mienendo, kuongeza ukali, na muda huo unaonekana. Sauti iliyopita njia ya mkato haikungoja. Tukarudisha sauti yote kwenye HDMI, na sabufa tukaichomeka kwenye tundu la sauti la TV. TV ikicheleweshwa na picha, sauti nayo inachelewa, zinakutana. Ukilazimika kuiacha sabufa kwenye laptopu, VLC, programu ya kuchezea video, ina vitufe vya J na K vinavyosogeza sauti milisekunde 50 kila mbonyezo. Unabonyeza mpaka mdomo na neno vikutane.

Droni iliyokuwa inatetemeka

Kila kitu kilipokaa sawa, palibaki kipande cha droni ndani ya faili la harusi ambapo kamera inazunguka taratibu juu ya meza za ukumbini, na mwendo ulikuwa wa kukatakata. Haikuwa laptopu kuchoka. Prosesa ilikuwa imetulia.

Wapiga video wetu wengi hurekodi kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa za ukumbi humeta kwa kufuata umeme. Kamera ikiwekwa 30 au 60, mistari ya mwanga inaweza kutambaa kwenye picha. Faili hili lilikuwa la fremu 50. Laptopu ilikuwa inaipelekea TV picha 60 kwa sekunde. Fremu 50 zikipangwa kwenye nafasi 60, moja katika kila tano inaonyeshwa mara mbili. Mtu akikaa anaongea huoni. Kamera ikizunguka polepole, jicho linaikamata kila safari. TV zinazouzwa huku zinaijua 50 Hz vizuri, kwa hiyo ndani ya mipangilio ya juu ya "Display" nikaishusha kutoka 60 hadi 50. Mzunguko ukawa laini. Anayetazama zaidi sinema zilizopigwa kwa fremu 24 ana hesabu nyingine, 24 Hz kama TV yake inaikubali, lakini kwa harusi, na hata kwa mechi zilizorekodiwa kwa kipimo cha Ulaya, 50 ndiyo yenyewe. Ajabu ni kwamba karibu kila laptopu ninayoiona huku imeachwa kwenye 60.

Kijana aliuliza kwa nini tusingetumia njia ya hewani na kuachana na nyaya. Laptopu hii inaweza, na TV nyingi zinapokea Miracast, yaani picha inayorushwa bila waya. Lakini njia hiyo inaibana video upya kabla ya kuirusha, inachelewesha, na Wi-Fi ya mtaa wenye nyumba zilizobanana haitabiriki. Kuonyesha picha za simu, sawa. Kwa ukoo uliosafiri kuja kutazama, hapana.

Na kwa kuwa ataitumia pia kutazama huduma za kulipia za mtandaoni, nilimweleza jambo jingine kuhusu konvata ya zamani. Huduma hizo hulinda picha kwa mfumo unaoitwa HDCP, ambao laptopu na TV hupeana siri kupitia waya wa kidijitali. VGA haina HDCP. Hata ingepatikana konvata safi kiasi gani, huduma ingeweza kushusha ubora au kukataa kabisa.

Kuhusu kufunga kifuniko cha laptopu ili isiwe inang'aa mezani: kwenye mipangilio ya umeme weka kwamba kifuniko kikifungwa isifanye chochote. Ila usiifunge juu ya kitambaa, inahitaji kupumua.

Mafaili ya droni yaliyokuja peke yake ndiyo hayakukubali, na hapo hapakuwa na mpangilio wa kusaidia. Mpiga video aliyatoa kwa 4K na H.265, mfumo mpya zaidi wa kubana video kuliko H.264 ya kawaida, kama droni ilivyoyarekodi. Prosesa ya laptopu hii, Intel ya kizazi cha nne, haina sehemu maalumu ya kufungua H.265; sehemu hiyo ilianza kukamilika kizazi cha sita, na kwa rangi za biti 10 kizazi cha saba. Kwa hiyo prosesa yenye kiini mbili ilibeba mzigo wote yenyewe, feni ikapiga kelele, picha ikaganda huku muziki unaendelea. Na hata ingeweza, ingekuwa inafungua pikseli milioni 8.3 ili ionyeshe milioni 2.07 za TV hii. Kuyabadilisha mafaili hayo kwenye laptopu ileile kungechukua usiku kucha.

Nikamwomba mama ampigie mpiga video, kisha nikaongea naye mwenyewe: vipande vya droni avitoe upya kwa H.264, 1920 kwa 1080, fremu 50, kama alivyotoa faili la harusi. Alisema ni kazi ndogo kwake, kwani programu yake ya kuhariri inafanya hivyo kwa kubadilisha mstari mmoja, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia atatazamia wapi. Alileta Jumamosi. Kijana akafungua, akabonyeza Info kabla hajakaa, akanitumia picha ya skrini kwa simu: 1920 x 1080, 50 Hz, na nyuma yake paa la ukumbi likionekana kutoka juu, bati kwa bati.